Sahani ya Mzee Melchior

Mlioniacha wiki iliyopita pale Bwiza na godoro kichwani na mtoto mkononi, tulieni. Godoro lilifika salama. Aliyelibeba ndiye aliyefika pabaya.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Sijaona, binti wa fundi magari wa Bwiza, Bujumbura. Mume wangu Ilias alipanda boti la mizigo bandarini kwenda Kigoma. Boti lilirudi, yeye hakurudi. Kisha nyumba yetu ikaingiwa na watu tusiowajua, wakabadilisha kufuli, wakanitazama kupitia dirisha langu mwenyewe kana kwamba mimi ndiye mwizi. Nikabaki na binti yangu Houda, aliyekuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele.

Tuliangukia Gasenyi, pembeni kabisa ya mji upande wa kaskazini, uani kwa Jovithe. Huyu alikuwa mtumishi wa wizara, mpole wa sauti, mwenye kupiga pasi hata soksi. Alinipa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake na sharti moja.

"Voisine, mi sitaki histoires, sitaki matata. Siku ile nitasikia histoire, utabeba godoro yako."

"Hautasikia kitu," nikamwambia.

Nilimaanisha. Kulikuwa hakuna mlango mwingine Bujumbura nzima ambao ungefunguka kwa ajili yangu na Houda, na usiku milio ya bunduki ilikuwa ikija mpaka mlango wa pili. Paa lile lilikuwa ndiyo roho yetu. Yashikeni hayo, maana yote ninayowasimulia leo niliyafanya ili nisilipoteze.

Ulikuwa mwaka wa vikwazo. Sukari iliadimika, mafuta yaliadimika, na barabara za kwenda mikoani zilikuwa za kwenda bila kurudi. Jumapili watu walikaa vibarazani wakiangaliana mpaka wakachukiana. Caritas, mke wa Jovithe, akachoka.

"Kama hatuwezi kutembea mu nchi, tutembee mu masahani," akasema. "Kila Jumapili nyumba moja inapika chakula ya kwao. Wote tunaenda kula. Tutajuana kabla hatujauana."

Watu walicheka. Ndivyo tulivyokuwa tukicheka miaka ile.

Tulianza kwake. Bugali, maharage, na isombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, iliyopikwa kwa mawese mpaka ikawa nyeusi. Nikanyoosha mkono, Caritas akaniwahi. Akachukua kijiko changu, akachota kwenye sahani yangu, akala, akameza, ndipo akanisogezea.

Nilishikwa na butwaa. Kwetu mwenye nyumba akidokoa sahani ya mgeni, mgeni anajua amechokwa.

"Usikasirike," Caritas akasema, akicheka. "Kwetu ni heshima. Kitu yenye unapatia mutu, unaonja kwanza. Aone hautaki kumuua."

"Na akikataa kuonja?"

"Basi, weye usikule."

Nikacheka kuliko wote. Mjinga hucheka sana siku anapoonyeshwa kaburi lake.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kwa Mama Maxime, mkimbizi wa Uvira, aliyetupikia fufu na samaki kisha akafungua redio akatuchezesha rumba mchana kweupe. Baada yake ikawa zamu ya Adolphe. Adolphe alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya vita kumpa bunduki na kumfanya mkubwa wa doria ya mtaa. Alitukaangia mikeke mikubwa, samaki wa ziwani kwetu, na wanaume wakazunguka chungu cha pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake. Mimi akanifungulia Fanta. Alionja Fanta yangu kwanza.

"Mama Houda," akaniambia, "Waswahili munakula kwetu muzuri sana. Tutaona mutatupatia nini."

Waswahili, kule, ni sisi Waislamu wa mjini. Alisema akitabasamu. Sikulipenda tabasamu lile, lakini samaki walikuwa watamu, nikaendelea kula.

Aliyeisubiri zamu yangu kuliko wote alikuwa mzee Melchior, baba yake Jovithe. Alishuka kutoka milimani kwenye lori la waliokimbia, akiwa na kofia yake na fimbo, bila kitu kingine. Meno yalikuwa yamebaki mawili matatu, na tumbo lilimsumbua tangu nimjue. Alikuwa akikaa na mimi uani nikichambua mboga, akiniita *mwana wanje*, mwanangu.

"Zamani nilikuwa nabeba ndizi nakuja kuuzisha mu mji," akanisimulia. "Siku ya Idi napita kwa Waislamu, ile harufu ya wali inanishika mu mapua. Nasimama kwa njia nanusa. Hakuna mutu alishawahi kuniambia ingia."

"Jumapili utaingia, muzee."

"Nikiwa ningali hai," akasema, akacheka kwa ufizi.

Nilimpenda mzee yule. Naliandika hili wazi kwa sababu kuna watu mpaka leo wanasema nilimchukia.

Zamu yangu iliangukia Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani. Wanawake wenzangu wa Kiislamu mmeshaniona ninakoelekea. Wengine nawaeleza kwa kifupi, macho yangu yakiwa chini. Mwanamke zikimfika siku zake ndani ya Ramadhani hafungi, na siku zile anadaiwa. Anazilipa mwaka ukiendelea. Mimi mwaka ule, kwa kukimbia huku na huku, sikuwa nimezilipa, na Ramadhani nyingine ilikuwa inabisha hodi. Zilibaki siku za kuhesabu, nikaanza kufunga. Jumapili ile ilikuwa mojawapo.

Mtaniuliza kwa nini sikuahirisha karamu. Nyama ilikuwa imeshachinjwa na Muislamu niliyemfuata Buyenzi kwa miguu. Mchele ulikuwa umeshatafutwa kwa taabu. Isitoshe kwetu kumlisha mgeni ukiwa umefunga ni jambo la kawaida, tena lina thawabu. Unapakua, unakaa nyuma ya pazia, wageni wanakula, hakuna anayekuuliza.

Asubuhi Caritas alikuja kunisaidia kumenya vitunguu. Nikamnong'oneza kila kitu: nimefunga, na sababu yake ni hii.

"Ah, mambo ya wanawake," akasema. "Niachie mi. Wakiuliza nitawaeleza."

Nikatulia. Nikapika pilau ambayo mama yangu angeisifu, na kwa mtu aliyemjua mama yangu hilo si dogo. Wageni niliwapakulia kwenye sinia moja kubwa, kama ilivyo kwetu. Mzee Melchior nilimtengea sahani yake peke yake, kwa ajili ya meno: wali laini wa juu, na maini niliyoyaponda kwa kijiko. Nilimchagulia kilicho bora kuliko vyote.

Wakakaa. Wakanawa. Hakuna aliyegusa.

Wote walikuwa wakiniangalia mimi.

"Mama Houda," Adolphe akasema, "onja."

"Karibuni mule. Mi nimefunga."

"Umefunga nini? Ramadhani bado. Redio imesema ni wiki yenye inakuja."

"Nalipa deni."

"Deni gani ya kukataa chakula yako mwenyewe?"

Wanaume wakacheka. Nikamtazama Caritas. Alifungua kinywa, akaona mumewe anamwangalia, akakifunga akaanza kuchunguza kucha zake. Na mimi ningesema nini? Mbele ya mzee wa umri wa babu yangu, mbele ya Jovithe na soksi zake, nitaje hedhi? Ningekufa kwanza. Niliona aibu, na aibu yangu ndiyo iliyoniponza.

"Mwache mutoto wa watu," mzee Melchior akasema. "Mi niko na njaa."

Akashika kijiko. Adolphe akaushika mkono wake. "Ngoja, muzee. Aonje kwanza. Na aonje kwa sahani yako."

Mzee akanitazama. Wali ule alikuwa ameungoja tangu ujana wake, na sasa alikuwa anazuiliwa nao mbele ya pua. Nikashindwa kuvumilia.

Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi, kisha ateme. Nimefundishwa hivyo tangu nikiwa msichana. Basi nikachota kidogo kwenye sahani ya mzee, nikaweka ulimini, nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayefurahia. Watu wakapiga makofi. Nikatoka polepole kwenda nyuma ya nyumba, nikatema, nikasukutua, nikatema tena.

Nilipogeuka, Adolphe alikuwa amesimama kwenye bomba na sabuni mkononi.

"Ni nzuri?" akauliza.

"Chumvi imekaa sawa."

Alinawa mikono yake taratibu, akarudi ndani, akasema tumbo linamuuma, hakula hata punje.

Wengine walikula mpaka sinia likang'aa. Mzee Melchior alimaliza sahani, akaomba nyingine, nikampondea tena maini, na iliyomshinda akaomba aende nayo. Nikamtilia kwenye bakuli lenye mfuniko. Akalibeba kwa mikono miwili kuvuka ua.

"Mwana wanje," akaniambia, "leo nimeingia."

Nililala na furaha. Nilikuwa sijalala na furaha tangu boti lile lirudi bila Ilias.

Jumatatu mzee akashinda anajinyonganyonga kwa maumivu ya tumbo. Upande wa mjini kulikuwa na milio, kizuizi kimefungwa, hakuna gari la kumpeleka hospitali. Nilimpelekea maji ya uvuguvugu, Caritas akayapokea mlangoni, hakuniachia nipite. Jumanne asubuhi nikamsikia Caritas akilia kilio cha msiba.

Mzee ambaye hakuwa ameonja nyama kwa miezi alikuwa amekula mafuta na maini mpaka koo. Hayo nayaona mimi. Wenzangu waliona mengine.

Tukamzika siku iliyofuata. Kaburini hakuna aliyesimama karibu nami. Niliporudi nikakuta vijana wawili wa doria wamekaa getini, na Houda akaniambia wamemkataza kutoka nje ya ua. Nikaenda moja kwa moja kwa Caritas. Alikuwa anakunja nguo za mzee.

"Caritas, wanasema nimemuua. We ndo unajua. Waeleze kwa nini sikukula."

Hakuinua uso.

"Caritas. Nilikuambia asubuhi, tukiwa tunamenya vitunguu."

"Sijona." Aliniita hivyo tulipokuwa tumependana. "Nani alikuwa anamupikia muzee kila siku?"

"Weye."

"Basi. Kama si pilau yako, ni uji yangu. Watoto wake wengine wako njiani. Mukwe ndo wanatafuta kwanza, unajua. Kama si we, ni mi."

"Lakini hatuna kosa, we wala mi."

"Mutu amekufa. Lazima iko mwenye amemuua." Sasa alikuwa analia, na mikono yake ikiendelea kukunja shati. "We hauna mutu hapa. Mi niko na watoto wanne. Unisamehe."

Kuombwa msamaha kabla ya kuchinjwa ni adabu ya namna yake. Sikumsamehe siku ile. Leo bado najaribu, sijafika mbali.

Alasiri wakaniita. Ua wa Jovithe ulijaa. Wazee walikaa kwenye viti, doria wamesimama, wanawake ukutani. Mama Maxime alijifungia kwake, maana mgeni mmoja akishikwa, mwingine anatafuta ufunguo. Mimi nikasimamishwa katikati. Houda alinishika kanga. Alikuwa hajala tangu asubuhi, kwa kuwa walituzuia hata kuwasha jiko.

Adolphe akaanza. Alisema vizuri, kama mtu aliyezoea kupanga watoto mistari.

"Wote tulikula kwa sinia moja. Nani alikufa? Mwenye alikula kwa sahani yake peke yake. Nani alimutengea? Huyu."

"Hakuwa na meno," nikasema. "Nilimpondea—"

"Tulimwambia aonje. Akakataa. Tukamulazimisha, akaonja kwa ile sahani ya muzee, akacheka na sisi. Mi nikatoka kunawa." Akageuka kuwatazama wazee. "Nilimuona kwa macho yangu. Anatema. Anasukutua, anatema tena. Mutu anatema chakula yenye amepika mwenyewe. Kwa nini?"

Ua mzima ukaguna. Hata mimi, ningekuwa nimekaa kwenye kiti kile, ningeguna.

Jovithe akaniuliza kwa sauti yake ile ya ofisini, "Ni kweli ulitema?"

"Ni kweli. Nilikuwa nimefunga. Caritas anajua."

Wote wakamgeukia. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kitambaa cha msiba kichwani.

"Hakuniambia kitu," Caritas akasema.

Basi aibu ikaniisha. Nilisema yote, kwa sauti, mbele ya wanaume wote wale. Nikataja damu, nikataja siku, nikataja Ramadhani iliyopita. Kijana mmoja wa doria akacheka mpaka akainama. Wanawake wakageuza nyuso ukutani. Kile nilichokificha Jumapili ili nisidharaulike, nilikitoa siku ile kizimakizima, na hakikuninunulia hata dakika moja.

"Ramadhani ya mwaka jana," mzee mmoja akasema, akijaribu kwa haki kabisa kuelewa, "unailipa leo? Siku ileile yenye unapika?"

"Ndivyo ilivyo kwetu, muzee. Mutume mutu Buyenzi kwa shekhe, awaeleze."

"Njia imefungwa," Adolphe akasema. "Na hatuhitaji shekhe. Muzee alibakisha."

Akatoa ishara. Wakaleta bakuli langu.

Lilikuwa limekaa chini ya kitanda cha marehemu tangu Jumapili, katika joto lile la Desemba. Adolphe akaliweka chini mbele yangu, akafunua. "Ukule, tuone," akasema. Harufu ilipanda, waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Wali ulikuwa umeota ute, na maini yamegeuka rangi ya matope.

Nilijua chakula kile kitanidhuru hata kama hakina sumu. Nikila nikaugua, nimejithibitisha muuaji. Nikikataa, nimejithibitisha. Lakini kuugua naweza kukuficha, tumbo ni langu. Ningekula, ningesimama wima, ningewatazama mpaka watawanyike, na jioni mimi na Houda tungelala chini ya paa letu. Niliamua haraka, wala sikuogopa.

Nikakaa chini. Nikakunja mkono wa gauni. Nikanyoosha mkono.

"Apana," Caritas akasema.

Nikadhani ameshindwa kuibeba dhambi yake. Nikadhani atasema. Nilimtazama kwa shukrani, Mungu anajua, nilimtazama kwa shukrani.

"Apana si yeye," akasema, macho yake chini. "Mwenye anapika sumu iko na dawa yake. Atakula, hatafanya kitu. Mupatie mutoto."

Nilipiga kelele sijui nilisema nini. Vijana wawili wakanishika mabega. Nikamwita Jovithe, nikamwambia tunahama sasa hivi, nitabeba godoro, sitaki vyumba, sitaki kitu. Jovithe alitazama viatu vyake.

"Acheni mutoto," yule mzee wa haki akasema, lakini alisema polepole, na hakusimama.

Adolphe alichuchumaa, akasogeza bakuli upande wa pili, akamwita binti yangu kwa sauti nzuri, sauti ya mwalimu. "Njo, Houda. Njo ukule pilau ya mama yako."

Sikuwahi kumfundisha Houda kukataa chakula nilichopika mimi. Aliachia kanga yangu. Akaenda kwenye bomba, akanawa mkono wa kulia vizuri, mpaka kwenye kiwiko, kama ninavyotaka. Akarudi, akakaa mbele ya bakuli, akaninyanyulia uso wake usio na meno ya mbele, akingoja niseme bismillahi.